Fidia ya ugoni si ya waume peke yao

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu lilipokuwa likifika Dodoma jioni, habari zikiwa zimeshapoa, na sijawahi kuwaandikia. Ila ile habari yenu ya mume aliyelipwa fidia ya ugoni, mkaipamba kama ushindi wa Simba dhidi ya Yanga, imenishinda.

Mwandishi wenu kaandika kana kwamba sheria ilitungwa kwa ajili ya waume walioibiwa. Kifungu cha 72 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinampa haki mume au mke kumdai fidia yeyote aliyezini na mwenzi wake. Ila mdai aliyeridhia au kushiriki mpango hapati kitu. Kifungu cha 74 kinakataza fidia kugeuzwa adhabu. Hamkuyagusa. Huku mitaani watu wanatega mafumanizi, mke yumo kwenye mpango, simu zinarekodi, na mtu analipa usiku huohuo kwa kuogopa aibu. Huo ni wizi.

Mdogo wangu alipogundua mumewe kampangia mwanamke chumba Nkuhungu, nilimsindikiza kwenye baraza la usuluhishi. Tulikuta wazee wanamsikiliza baba mmoja aliyelalamika mkewe kachukuliwa. Walimpa kiti, wakampa pole, wakaanza hadi kukadiria ng'ombe wa fidia. Sikuona ajabu, mimi ni Mgogo wa Bahi, na sheria yenyewe inaitaka mahakama itazame mila za wahusika. Zamu yetu ilipofika, mwenyekiti akacheka. Eti mwanamume hafumaniwi, anateleza tu. Mama, rudi nyumbani ukaangalie ulipolegea. Karani naye akacheka. Mzee mmoja ambaye hata mjumbe hakuwa, kaja kuulizia mambo ya kiwanja chake, naye akachangia mawaidha! Mdogo wangu huyo ndiye aliyelima alizeti kule Kibaigwa, ikauzwa, bwana akanunua pikipiki. Pikipiki hiyohiyo ndiyo inayompeleka Nkuhungu. Hilo hakuna aliyeliuliza.

Na hati ya baraza, ambayo mdogo wangu aliitaka ili aombe talaka, je? Ombi la talaka halipokelewi mahakamani bila hati ya kwamba usuluhishi umeshindikana, labda pawe na sababu maalumu. Basi tukaanza kuzungushwa: leo muhuri uko kwa mtendaji, kesho wajumbe wamekwenda msibani, keshokutwa tunaombwa hela ya karatasi. Karatasi! Serikali nzima imehamia Dodoma, majengo ya Mtumba yanang'aa, halafu mwanamke anayetaka kuachika kwa utaratibu ajinunulie karatasi ya kuandikiwa kwamba ameshindwa na ndoa.

Napendekeza kifungu cha 72 kipakwe rangi ukutani mwa kila ofisi ya kata, kwa herufi za kusomeka kutoka barabarani, na maneno "au mke" yawe mekundu. Mjumbe atakayecheka mbele ya mlalamikaji atozwe rimu moja ya karatasi kwa kila kicheko. Kwa shauri la mdogo wangu peke yake, baraza lile lingekuwa na karatasi hadi uchaguzi ujao.

Msomaji wenu,
Chang'ombe, Dodoma