Malalamiko: waranti mlinipa nyinyi, sio kiwanda

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja
Nairobi

Salaam. Naandika barua kwa sababu simu zenu hazishikwi, na meseji za WhatsApp mnasoma, zile alama mbili za buluu naziona, alafu kimya. Gari yangu, ile spoti ya viti viwili niliyoinunua kwenu ikiwa mpya, bado imelala gereji yenu hapa Mombasa inangoja pampu ya petroli, na kila nikiuliza naambiwa jambo moja tu, ati kiwanda Uingereza kina shida ya pesa. Hiyo shida naijua. Nilikuwa naijua kabla sijalipa hata shilingi, na nyinyi mwajua kwamba nilijua, maana tuliizungumza hapo hapo kwenye meza yenu.

Wacha niwakumbushe ilivyokuwa, kwa sababu kijana aliyeniuzia naskia ashaacha kazi. Nyumbani kwetu hakuna aliyetaka ninunue hii gari. Baba yangu amefanya kazi ya kuunganisha magari Miritini miaka mingi sana, kwa hivyo yeye mtu hamwambii habari ya speed wala mlio, yeye anauliza spea. Akanambia mwanangu, kampuni ya magari ya Rover ya Uingereza ilikuwa na wafanyakazi kama 6,000 na ikafa 2005, Saab ya Sweden ikafilisika 2011, na hapa hapa Kenya tumeona watengeneza magari wa Mobius 2024 wakitangaza wanafunga kabla hajatokea wa kuwanunua, sasa hawa wako ambao hata hesabu zao wenyewe zinasema pesa hazitoshi, siku wakifunga spea utanunua kwa nani na waranti utamdai nani? Shemeji yangu naye akawa ananitumia habari za wale watu wa Marekani walionunua gari za umeme za Fisker, kampuni ikafilisika 2024 wakabaki na magari mapya hata hawajui programu zake nani atazitengeneza, mpaka ikabidi waunde chama chao wenyewe wasaidiane. Na mke wangu pesa ile alikuwa ameiwekea hesabu ya ploti ya Mtwapa. Alikuwa na haki.

Mimi lile swali la baba nililibeba vile vile nikaja nalo kwenu, mke wangu amekaa pembeni yangu. Kijana wenu akatujibu kwamba spea za muhimu ziko stoo Nairobi, na kwamba waranti ya miaka mitatu inatolewa na nyinyi kampuni ya Kenya, kwa muhuri wenu, kwa hivyo hata kiwanda kikifungwa kesho nyinyi mko. Nikamwambia niandikie hayo. Akaniandikia kwa imeli siku hiyo hiyo na imeli ninayo, nimeiprinti nimeiambatisha hapa. Ni kwa maneno hayo mke wangu alikubali. Si kwa rangi ya gari wala kwa ile kahawa, ni kwa maneno hayo.

Na gari yenyewe sina neno nayo, hilo nataka mulielewe. Naipenda hii gari na ntasema mbele ya yeyote. Nyepesi, gia ya mkono, inasukuma magurudumu ya nyuma, ukiwa barabara ya Voi kwenda Taveta asubuhi hakuna lori unaiskia barabara yote mikononi, kona inaingia bila kubishana na wewe. Wale watu wa kule kiwandani wajua kazi yao wallahi, na naumia kuskia hawana mishahara. Mimi sio mteja wa kuwatukana.

Lakini mwajua ilivyotokea. Tunatoka Nairobi na mke wangu, tumeshapita Mtito Andei, taa ya injini ikawaka na gari ikajikaba, nakanyaga ekseli haivuti, iko kama inatembea na breki, na nyuma yangu kuna malori ya makontena yanashuka kwa kasi zao za kawaida. Kama mumewahi kuendesha ile barabara mwajua hiyo ni hatari kiasi gani. Nikaiweka pembeni, tukangoja bredauni, gari ya kutuvuta, kwenye jua mpaka jioni. Fundi wenu wa Mombasa, ambaye yeye simlaumu hata kidogo, ni kijana mzuri na mkweli, aliiweka kwenye mashine akanionyesha mwenyewe, presha ya petroli inashuka ukikanyaga, pampu ya presha kubwa imekufa. Gari bado mpya, sevisi zote nimefanya kwenu, risiti zipo. Hilo ni la waranti, hakuna mjadala, na hata nyinyi hamjawahi kusema sio la waranti.

Kwanza mkasema pampu iko stoo Nairobi inakuja na basi. Haikuja. Alafu stoo haina ila imeagizwa. Alafu imeshatoka Uingereza iko njiani kwa ndege. Sasa hapo ndipo mliponikera kabisa, kwa sababu mimi kazi yangu ni kliaringi, natoa mizigo bandarini na pale JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, pia nina watu. Mzigo ulioko kwenye ndege una eawei bili, yaani hati ya mzigo wa ndege, namba yake ni tarakimu 11, tatu za mwanzo zinakuambia ni ya ndege gani, ukiwa nayo unaangalia mzigo uko wapi hata ukiwa kitandani. Nikawaomba hiyo namba tu, tena nikajitolea kuutoa mzigo mwenyewe bila kuwatoza kitu. Mpaka leo sijapewa. Kwa mtu wa kazi yangu hiyo maana yake ni moja, hakuna mzigo.

Kuna jambo lingine ambalo sidhani nyinyi mlitaka mteja alijue. Hizi kampuni ndogo za spoti mara nyingi injini hawatengenezi wenyewe, wananunua kwa wakubwa, Lotus walitumia injini za Toyota, Morgan za BMW, Caterham za Ford. Na hii yangu ni hivyo hivyo, injini imetoka kwa kampuni kubwa ambayo ina ajenti wake Nairobi. Nimeenda na namba iliyoandikwa kwenye pampu, wakaitafuta kwenye kompyuta yao, pampu ni ile ile, na wanaweza kuileta. Nikawapigia nyinyi kwa furaha kabisa, nikidhani tumepata njia. Mkanambia nikifunga pampu ya nje waranti imekufa. Yaani spea hamleti, na nikiitafuta mwenyewe mnaninyima waranti ambayo hata hivyo hamuitekelezi! Nani anaweza kukubali hivyo?

Shida ya kiwanda isiwe sababu. Saab walipofilisika kampuni ya spea haikuzama pamoja nayo, serikali ya Sweden iliichukua na wenye magari wakaendelea kupata vitu vyao. Kumbe inawezekana mtu akipanga mapema. Na nyinyi hamjafilisika, yadi yenu iko wazi na magari ya kampuni nyingine mnauza kila wiki, matangazo yenu nayaona. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inasema mnunuzi ana haki ya kitu chenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazozihitaji na haki ya kufidiwa akipata hasara kwa ubovu wa kitu hicho. Na kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, ambayo haimruhusu muuzaji kumdanganya mtu ndo anunue. Nyinyi mliniambia spea ziko stoo. Hazikuwepo.

Ninachotaka sio kikubwa. Ndani ya siku 14 mulete pampu na muifunge, au muniandikie barua yenye muhuri kwamba fundi wenu afunge ile ya ajenti mwingine, gharama yenu, na waranti ibaki vile vile mpaka miaka mitatu iishe. Mkishindwa yote mawili basi chukueni gari munirudishie pesa yangu pamoja na ya bredauni. Na kwa vyovyote vile nataka orodha ya spea mlizonazo stoo kweli kweli, kwa maandishi, maana kuna wateja wenzangu wawili watatu nawajua wana gari hii na wao pia wana familia zinawauliza. Kama hakuna, semeni hakuna, tujue tunajipanga vipi.

Zikipita siku hizo napeleka faili kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambao malalamiko ya wanunuzi ni kazi yao, na kwa wakili wangu. Nakala ya barua hii nimeituma kiwandani pia.

Gari iko gereji kwenu na ufunguo mmoja mnao. Nipigieni kuanzia saa nane mchana, asubuhi huwa niko bandarini na simu haiskiki.

Mteja wenu,
Mombasa