Zuhura, Ukifika Ngazija

Mwanangu Zuhura,

Mama yako kaniambia tiketi imeshakatwa. Kaniambia pia kwamba ulipowaaga wenzako kazini, mmoja alicheka akasema unahamia Komoro, nchi ya mapinduzi. Usimlaumu. Mimi nimezaliwa na Mngazija, lakini mpaka nilipofika mwenyewe mwaka 2006, nilichokuwa nakijua cha nchi ya bibi yako ni maneno aliyokuwa akitugombezea akishikwa na hasira.

Anza na maji. Kisiwa utakachoshukia, Ngazija, kimekaliwa na mlima Karthala, mita 2,361, ambao ni volkano iliyo hai. Ardhi yake ni mawe meusi ya volkano, na mvua ikinyesha, hata inyeshe vipi, mawe yale huimeza. Mto wa kudumu hakuna. Ndiyo maana watu huvuna maji ya paa na kuyahifadhi kwenye birika la saruji. Nilipokwenda, mlima ulikuwa umelipuka mara mbili mwaka wa nyuma yake, 2005, na majivu yakaharibu mabirika ya vijiji vingi. Kwa mjomba wangu walikuwa wamefunga kitambaa kwenye mdomo wa mfereji unaoingiza maji birikani. Alinichotea kata moja, akainusa kwanza mwenyewe, ndipo akanipa. Chini ya kata kulikuwa na unga mweusi, laini kama wanja.

Ukivuka kwenda Nzwani utadhani umefika nchi nyingine: milima imesimama wima, vijito vinateremka, karafuu na mlangilangi vimepandwa mpaka kwenye miteremko. Mwali ndicho kidogo kuliko vyote, kimetulia, na huko Itsamia kasa hupanda pwani usiku kutaga. Vyote vitatu vimo katika Mlango wa Msumbiji, kati ya Msumbiji na Madagaska, na ukivijumlisha ni kilomita za mraba 1,862. Unguja na Pemba pamoja ni kubwa zaidi. Sasa fikiria eneo dogo hivyo, kila kisiwa kina lahaja yake, masultani wake wa zamani, na kinyongo chake.

Cha nne ni Maore, ambacho ramani nyingi hukiita Mayotte. Hapo ndipo penye kidonda, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Wafaransa walikinunua Maore mwaka 1841 kwa mtawala wa Kimalagasi aliyekuwa akikishika, na vile vitatu wakaviweka chini ya ulinzi wao mwaka 1886. Makao ya utawala yalikuwa Dzaoudzi, huko huko Maore, hadi yalipohamishiwa Moroni, kisiwani Ngazija, katika miaka ya 1960. Watu wa Maore waliona wamenyang'anywa, na nadhani wengi wetu tunaosimulia habari hii tunapapita hapo haraka mno. Ilipofika kura ya Desemba 1974, visiwa vitatu vilichagua uhuru karibu kwa kauli moja, lakini Maore wengi walikataa. Ahmed Abdallah akautangaza uhuru tarehe 6 Julai 1975 bila kuisubiri Paris, na Ufaransa ikabaki na Maore. Tangu 2011 ni mkoa kamili wa Ufaransa.

Mwaka 1995 Wafaransa waliweka viza. Kutoka Nzwani hadi Maore ni kama kilomita 70, mwendo ambao watu walikuwa wakienda harusini na kurudi. Leo wanavuka usiku kwa mashua ndogo ziitwazo kwassa-kwassa, na waliozama hawana hesabu. Utawakuta watu wenye ndugu chini ya bahari ile. Wakianza kusimulia, wewe sikiliza tu.

Itazame bendera yao utakapoiona uwanja wa ndege: milia minne na nyota nne. Hawakuipunguza.

Hayo mapinduzi, ndiyo, yalikuwepo. Abdallah hakumaliza hata mwezi mmoja baada ya uhuru, akaangushwa. Akaja Ali Soilih, aliyekabidhi madaraka kwa vijana, akachoma nyaraka za serikali na kupiga marufuku anda, ile harusi kubwa ya Wangazija. Mwaka 1978 mamluki wa Kifaransa, Bob Denard, alitua na watu wake. Soilih akauawa, Abdallah akarudishwa, naye akauawa mwaka 1989. Denard akarudi tena 1995, safari hiyo majeshi ya Ufaransa yenyewe yakamtoa. Mtu mmoja na bunduki za kukodi! Mwaka 1997 Nzwani nayo ikatangaza kujitenga.

Dawa waliyoipata ndiyo inayonivutia kuliko vita vyote hivyo: zamu. Katiba ya 2001 iliamua urais uzunguke kisiwa hadi kisiwa, na kila kisiwa kiwe na kiongozi wake. Azali Assoumani wa Ngazija alianza mwaka 2002, akampisha Sambi wa Nzwani 2006, kisha Ikililou Dhoinine wa Mwali 2011. Mtu wa Mwali, kisiwa ambacho hakina watu wa kujaza kura, akawa rais wa wote! Mambo hayakunyooka moja kwa moja, maana mwaka 2008 rais wa kisiwa cha Nzwani, Mohamed Bacar, aligoma kutoka hadi majeshi ya Umoja wa Afrika, wakiwemo askari wetu wa Tanzania, yalipotua kumng'oa. Lakini zamu ilidumu. Azali alirudi 2016, na kura ya maoni ya 2018 ikaruhusu rais kukaa mihula miwili mfululizo kabla ya kisiwa kingine kupokea. Mimi sikuipenda. Anayengoja miaka kumi anaanza kuhesabu vidole. Ila hayo usiyaseme mezani kwa watu hujawazoea.

Unakumbuka Januari 2022 ulivyokuwa ukiruka sebuleni timu yao ya taifa ya mpira ilipoifunga Ghana 3–2? Kisha dhidi ya Kamerun wakakosa kipa hata mmoja, wakamvika glavu beki, Chaker Alhadhur, na bado wakafungwa mbili kwa moja tu. Jina la utani la timu ile limetokana na samaki wao gombessa, ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani tangu zama za kale, hadi alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili alitoka Nzwani, 1952. Wavuvi wa huko walikuwa wakimjua siku zote.

Lugha haitakusumbua sana, ila jihadhari na neno moja. Kule "marahaba" maana yake asante. Siku yangu ya kwanza kijana alinibebea begi, akaniwekea mlangoni, nami nikasimama nikingoja aniamkie ili nimwitikie marahaba. Naye kasimama ananingoja mimi nimshukuru. Tukatazamana hivyo, mpaka mjomba akatoka nje akacheka.

Nyumba yake iko njia ya kwenda Iconi. Nitakutumia ramani niliyoichora. Ukifika, angalia kama birika bado lipo, na kama kitambaa wamekitoa.

Baba yako