Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa ICC: Mechi 777, na sisi hatumo

Kwa Mheshimiwa Jay Shah,
Mwenyekiti, Baraza la Kriketi la Kimataifa (ICC),
Dubai.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Pokea salamu kutoka Malindi. Huenda mji wetu unaujua kwa jina tu, lakini watu wa Gujarat walikuwa wakitia nanga hapa na nguo zao kabla Vasco da Gama hajaja kuomba rubani mwaka 1498, kwa hivyo tusihesabiane wageni. Natumai u mzima na kazi haikulemei. Nauliza kwa dhati, maana kwa ratiba ninayoiona kwenye televisheni, anayeisimamia hana saa ya kulala.

Mimi nina banda la video mtaa wa Maweni. Wengi huja kwa ajili ya kandanda ya Uingereza, na hao ndio wanaolipa kodi ya banda. Lakini nina wateja wengine wasiokubali kukosa kriketi: wazee wachache wa Kihindi wenye maduka mjini, mafundi wa pikipiki, na kundi la vijana wanaocheza ufukweni maji yakipwa, kwa gongo la mvinje na mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe.

Hao vijana ndio walioniponza. Juzi nilibandika karatasi mlangoni kutangaza mfululizo wa mechi kati ya mataifa mawili makubwa. Nikapandisha kifurushi cha dikoda, kwa sababu chaneli ya kriketi haimo kwenye kile cha kawaida. Siku ikafika, banda likajaa, vikosi vikatajwa. Nahodha amepumzishwa. Mrushaji wa kasi amepumzishwa. Mpigaji ambaye vijana wangu wanamwiga hata namna anavyovaa kofia, yuko nchi nyingine kwenye ligi. Mmoja wao akaniuliza mbele ya watu, "Ami, hii ni timu ya taifa au wametuletea akiba?" Wakadai pesa zao, nikawarudishia. Kampuni ya televisheni haikunirudishia mimi.

Hasara hiyo nimeimeza, wala sikudai wewe. Nakuandikia kwa sababu yule kijana sikuwa na jibu lake, na nadhani jibu liko kwenu.

Agosti 2022 baraza lako lilitoa ratiba ya wanaume ya 2023 hadi 2027. Wanachama 12 wakubwa walipangiwa mechi 777: za testi (zinazochukua hadi siku tano) 173, za siku moja 281, za T20 (fupi, ova 20 kwa kila timu, ova ni mipira sita) 323. Ratiba iliyotangulia ilikuwa na 694, na hata hiyo watu walisema imezidi. Juu ya hizo weka mashindano yenu wenyewe, ambayo sasa yapo karibu kila mwaka. Juu yake weka IPL, ligi ya India, timu 10, mechi 74, miezi miwili na zaidi ambayo dunia nzima inasogea pembeni kuipisha. Kisha ngoja Disemba na Januari, uone ligi za Australia, Afrika Kusini, Falme za Kiarabu na Bangladesh zikigombania wachezaji wale wale kwa wiki zile zile. Mimi mwenye rimoti nachanganyikiwa. Sijui mwenye mgongo unaouma anakuwaje.

Wachezaji wenyewe wamesema. Ben Stokes wa England aliacha mechi za siku moja Julai 2022 akisema wao si magari ya kutiwa petroli na kuambiwa nenda. (Alirudishwa kwa Kombe la Dunia mwaka uliofuata, jambo linaloonyesha petroli ilipatikana.) Mwezi uliofuata Trent Boult akaomba kuachiliwa mkataba wake na New Zealand. Novemba mwaka huo huo England ilitwaa Kombe la Dunia la T20 mjini Melbourne tarehe 13, na tarehe 17 ikawa uwanjani Adelaide kucheza na Australia mechi ya siku moja ambayo hakuna aliyeihitaji. Hata harusi ya kwetu hupewa siku saba.

Lakini lililonikata maini ni la Februari 2024. Afrika Kusini ilikwenda New Zealand kucheza mechi mbili za testi bila wachezaji wake wa kwanza, kwa sababu walikuwa wamebanwa na SA20, ligi ya nyumbani kwao. Nahodha aliyepelekwa, Neil Brand, hakuwa amewahi kucheza hata testi moja. Walipigwa zote mbili, na New Zealand ikapata ushindi wa mfululizo wa testi dhidi ya Afrika Kusini kwa mara ya kwanza katika historia yake. Mwaka mmoja na nusu haujapita, Juni 2025, Afrika Kusini hiyo hiyo ikiwa na watu wake kamili ikaifunga Australia pale uwanja wa Lord's, London, na kuwa bingwa wa dunia wa testi. Kwa hivyo uwezo ulikuwapo tangu hapo, ila siku zilikuwa zimeshauzwa.

Sasa nije kwetu. Dunia inalalamika mechi zimezidi, Kenya inalalamika mechi hakuna, na kalenda ni hiyo hiyo moja. Hili hulisikii kwenye mijadala yenu, ambayo yote ni ya walioshiba.

Mwaka 2003 Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Najua watakaosema ni kwa sababu New Zealand ilikataa kuja Nairobi ikihofia usalama, ikatuachia pointi za bure. Sawa. Lakini Sri Lanka walikuja Nairobi, na Collins Obuya akawachukulia wiketi tano, yaani aliwatoa wapigaji watano. Bangladesh tuliwafunga. Zimbabwe tuliwafunga. Na kule Durban, dhidi ya Australia iliyoondoka na kombe lenyewe, Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, mtu wa miaka 39 aliyekuwa ameshastaafu akaitwa tena, alirusha ova nane na mipira miwili, akawaachia mikimbio (pointi) saba tu na kuchukua wiketi tatu, ya nahodha wao Ricky Ponting ikiwa mojawapo. Sisi wa Pwani mpaka leo tunalitaja jina lake kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika.

Unajua baada ya hapo tulilipwa nini? Mwaka 2004, mechi mbili za siku moja, zote kwenye Kombe la Mabingwa kule Uingereza. Mwaka 2005, sifuri. Timu iliyosimama kwenye nusu fainali ya dunia ikakaa kuanzia Januari hadi Disemba bila mechi hata moja ya kimataifa ya siku moja.

Sisemi viongozi wetu walikuwa malaika. Wachezaji waligoma kudai malipo yao, chama kikavurugana, na Maurice Odumbe, aliyetuongoza kuwafunga West Indies mwaka 1996, akafungiwa miaka mitano kwa kujihusisha na watu wa kamari. Hayo ni yetu, tumeyabeba. Ila nionyeshe mfadhili wa kukaa na timu isiyo na mechi, au mzazi wa kumwacha mwanawe ashike gongo badala ya kwenda kutembeza watalii. Mwaka 2014 tukapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja. Mla ni mla leo, mla jana kala nini.

Na hatukukata tamaa. Oktoba 2025 kule Harare tulifika nusu fainali ya kuwania nafasi ya Afrika kwenye Kombe la Dunia la T20, tukatolewa na Zimbabwe. Ndugu zetu Watanzania walifika pia, wakatolewa na Namibia. Alasiri moja mbaya tu, na mlango ukafungwa. Mchezaji wa nchi kubwa akiwa na siku mbaya, kesho kutwa ana mechi nyingine, na kesho kutwa yake nyingine, mpaka aombe apumzishwe.

Mimi si mtaalamu, lakini nikikaa na dikoda yangu nadhani naona kinachoendelea. Bodi zinauza siku kwa televisheni. Siku isiyo na mechi haina bei, basi zinajaza. Haki za kuonyesha IPL za 2023 hadi 2027 ziliuzwa kwa zaidi ya dola bilioni 6. Timu zote sita za SA20 ni za wenye timu za IPL. Wenye Mumbai Indians, timu ya IPL, wana timu Cape Town, Falme za Kiarabu na New York. Mchezaji akiajiriwa na tajiri mmoja mabara matatu, nchi yake ndiyo inayogeuka likizo bila malipo. Sasa katika hesabu hiyo, nani atatoa wiki moja aende kucheza na Kenya? Nani atainunua?

Jibu la ofisi yako nalijua, nimelisoma mara nyingi: ICC haipangi mechi za nchi na nchi, bodi hukubaliana zenyewe kwa zenyewe. Vizuri. Basi mwenyekiti kazi yake ni kukabidhi vikombe? Wewe kabla ya Dubai ulikuwa katibu wa bodi ya India tangu 2019, bodi ambayo ikikohoa nyingine zote huvaa sweta. Kama kuna mtu anayejua ni mlango gani wa kubisha, ni wewe, maana ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwako.

Na ulituahidi. Ulipochaguliwa Agosti 2024 ulisema kriketi imefika pahala nyeti, kwamba lazima aina zote za mchezo huu ziwekewe uwiano, na kwamba utaueneza zaidi duniani. Niliwasomea vijana maneno hayo bandani. Wengine walipiga makofi. Nasubiri kujua kama makofi yale walipiga mapema.

Hapa kwetu, kwenye Ghuba ya Ungwana mpaka Malindi, kuna meli za kukokota nyavu zinazovua kamba. Wavuvi wadogo wa Ngomeni na Kipini walilalamika miaka na miaka: nyavu zao zinakatwa, samaki wachanga wanatupwa baharini wameshakufa. Serikali haikuwaambia wenye meli "kubalianeni wenyewe." Iliweka msimu wa kufunga, miezi kadhaa kila mwaka meli haziruhusiwi kuvua, na hata msimu ukifunguliwa haziruhusiwi kusogea karibu na pwani. Haikuleta pepo, na malalamiko bado yapo, waulize wenyewe. Lakini tarehe ipo, na mwenye ngalawa anaijua. Bila tarehe, mwenye injini kubwa huvua mwaka mzima na kukwambia bahari ni ya wote.

Kriketi nayo inataka msimu wa kufunga. Wala si wazo langu. Chama cha wachezaji wa kriketi duniani, WCA, kilitoa ripoti Machi 2025 kikipendekeza vipindi vinne kila mwaka, kila kimoja siku 21, ambavyo ni vya mechi za mataifa tu. Siku zilizobaki ligi zifanye zitakavyo. Siku 84 kwa mwaka mzima. Hata mwajiri bakhili hawezi kuziita nyingi.

Kwa hivyo naomba vipindi hivyo viwe sheria, si ushauri. Naomba ndani ya kila kipindi nchi kubwa iwe na wajibu wa kucheza na nchi ndogo. Naomba vibali vya kwenda ligi viwe na kikomo, ili mtu asicheze ligi tano kwa mwaka halafu apumzishwe siku ya nchi yake. Naomba timu ya taifa ikitangazwa iwe timu ya taifa. Ratiba ya sasa inaishia 2027, na inayofuata itaandikwa na mikono ya watu, haiteremki kutoka mbinguni.

Najua haya yote yakiingia kwenye kikao yatakatwa moja baada ya jingine na wenye chaneli. Kateni, lakini mnibakizie hili: kila mwaka, mechi mbili za Kenya na timu kamili ya mwanachama mkubwa, hapa Kenya, zilizoandikwa kwenye ratiba kwa tarehe ambayo hakuna ligi inayoweza kuifuta. Uwanja wa Mombasa Sports Club umewahi kuchezewa mechi za kimataifa, na kutoka Malindi ni saa chache za matatu. Nauli ya vijana wangu nitaitafuta mwenyewe. Wikendi hatuzitaki, wapeni ligi. Sisi tuandikieni tarehe, Mwenyekiti. Hata ikiwa Jumanne.

Wako mtiifu, kwa sasa,

Mwenye banda la video,
Maweni, Malindi.