W-2 yako haina herufi W? Usikimbilie kurekebisha mwenyewe

Mwezi wa pili alikuja dada mmoja ofisini kwetu, anafanya kazi ya kutunza wazee, mkono mmoja W-2 (ile karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi ya mwaka mzima) mwingine simu, ananionyesha akaunti yake ya HSA kwenye simu hela zinaonekana zimeingia mwaka mzima lakini kwenye W-2 kisanduku cha 12 kuna DD peke yake, W haipo kabisa. Akaniuliza, "Sasa kaka, kwa hiyo hizi hela hazitambuliki?"

Hela zake zipo salama benki, shida ni kwamba ukiisoma ile karatasi ni kama hajawahi kukatwa hata senti ya HSA, na kodi kaishalipa juu yake.

Kwa ambao ndo mnaanza kazi hapa Marekani, HSA ni akaunti ya matibabu, unaruhusiwa kuweka hela humo ukiwa na ile bima ambayo unajilipia mwenyewe kiasi kikubwa kwanza kabla bima haijaanza kulipa. Na herufi W inatakiwa iwe jumla ya alichokuwekea mwajiri PAMOJA na ulichokatwa wewe kwenye mshahara kabla ya kodi, hapo ndo wengi wanapotea, wanadhani W ni hela ya bosi tu. DD ni gharama ya bima, imewekwa kama taarifa na haikuongezei kodi, achana nayo.

Tukachukua slipu yake ya mwisho ya Desemba. Anakatwa $100 kila wiki mbili, mara 26, jumla $2,600, na mwajiri alimwekea $500, kwa hiyo W ilitakiwa isome $3,100, ambayo iko ndani ya kikomo cha 2025 cha $4,300 kwa mtu mmoja (familia ni $8,550). Na slipu ndo ikatuonyesha kosa lenyewe: HSA imeandikwa kule chini kwenye makato ya baada ya kodi, wakati fomu aliyosaini anajiunga inasema kabla ya kodi. Mtu wa mishahara aliiingiza sehemu siyo, na ikaenda hivyo hivyo mwaka mzima.

Sasa kuna njia ya mkato, na watu wengi wanaelekezwa hiyo. Unachukua fomu 8889, ile ya HSA, unaandika ile $2,600 mstari wa 2 kama hela uliyoweka mwenyewe, unapata punguzo. Kwa yeye aliye kwenye kiwango cha kodi cha asilimia 12 ingemrudishia $312 na angeondoka anafurahi. Lakini punguzo hilo linagusa kodi ya mapato tu, Social Security na Medicare (makato ya mafao ya uzeeni na ya matibabu ya wazee) haligusi! Hizo ni asilimia 7.65, yaani $198.90 nyingine za jasho lake, na haziwezi kurudi kwa kujaza fomu yake, zinarudi mwajiri akikubali kosa, akarekebisha taarifa zake za makato na kutoa W-2c, yaani W-2 iliyorekebishwa. Mtu anayenyanyua wagonjwa usiku kucha halafu aachie $198 kwa kosa la mtu wa ofisini, hapana, hilo sisi hatulikubali.

Kwa hiyo tulimwandikia HR kwa imeili, siyo simu, simu haiachi ushahidi, tukaambatanisha slipu, fomu ya kujiunga na stetimenti ya HSA. W-2c ikija inakuwa na safu mbili, ya kilichoandikwa mwanzo na ya kilicho sahihi, angalia kisanduku cha 1 (mshahara unaotozwa kodi ya mapato), cha 3 (wa Social Security) na cha 5 (wa Medicare) vyote vimeshuka, siyo W kuongezwa tu. Kama mpaka mwisho wa Februari mwajiri hajarekebisha, piga IRS (idara ya kodi ya serikali kuu) 800-829-1040, wao wanamwandikia mwajiri na wewe wanakupa fomu 4852 ya kutumia badala ya W-2. Na kama ulishafaili na W-2 yenye kosa, kuna 1040-X, fomu ya kurekebisha ulichofaili, kwa kawaida una miaka 3 tangu siku uliyofaili.

Kuna kosa lingine ambalo ni hatari zaidi kwa sababu linakupendelea. Kisanduku cha 1 kimeshapunguzwa vizuri lakini W imeandikwa $500 tu ya mwajiri, programu ya kujazia kodi inakuuliza kama uliweka hela mwenyewe unajibu ndiyo $2,600, hapo umepunguziwa mara mbili na benki huwa inapeleka fomu 5498-SA, inayoonyesha hela zilizoingia HSA, kwa IRS, wataona. Au W imezidi kikomo kwa kosa la kuandika, programu inaanza kukudai faini ya asilimia 6 ya hela ambayo haijawahi kuingia. Linganisha na stetimenti kwanza. Wakati mwingine makato ya Desemba yameingia benki Januari, ni hilo tu.

Mliopo California na New Jersey msishtuke mkiona mshahara wa jimbo, kisanduku cha 16, ni mkubwa kuliko kisanduku cha 1, majimbo hayo hayaitambui HSA kwenye kodi yao, hapo mwajiri yuko sahihi.

Ukija kwetu beba W-2, slipu ya mwisho ya Desemba na stetimenti ya HSA ya Januari mpaka Desemba. Kukagua hatuchaji, na imeili ya HR tunakaa tunaiandika pamoja hapo hapo.