Barua kwa mwanangu: kabla hujanunua makochi

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi. Sisi huku ni wazima, hofu ni kwako uliye mbali. Baba yako mgongo unamsumbua kidogo ila anatembea.

Nimefurahi kusikia umepata chumba na sebule huko Dodoma, tena maji yapo ndani. Lakini uliponiambia kuna mwenzako kazini anakushawishi uchukue mkopo wa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, ununue makochi, televisheni ya ukutani na kabati la vyombo kwa mpigo mmoja, ili wageni wasikukute umekaa kwenye mkeka, nimeona haya si ya kumalizia kwenye simu.

Mafuriko ya Desemba 2011 unayakumbuka nusunusu, ulikuwa darasa la pili. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kwenye sherehe za miaka 50 ya Uhuru. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema Dar es Salaam haikuwahi kupata mvua ya namna ile tangu 1954. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unakusanya maji ya mitaa yote ya njiani, kisha unapita Jangwani kabla ya kuingia baharini pale Selander, na sisi tulikuwa tunaishi bondeni humo. Jiji lilipoteza watu zaidi ya 40. Sisi tulitoka wote, na sijaacha kumshukuru Mungu.

Tulilala darasani na familia nyingine mpaka shule zilipokaribia kufunguliwa Januari, ndipo tukapelekwa Mabwepande, tukaishi kwenye hema.

Jangwani nilikuwa na kabati la vioo lenye glasi na sahani za maua ulizokatazwa kuzigusa, za wageni hizo. Basi mle hemani wageni walikuja wengi kuliko walivyowahi kuja Jangwani: shangazi zako, majirani wapya, hata wateja wangu wa zamani. Walikaa chini, tukala pamoja kwenye sinia alilotuazima mama wa hema la pili. Sikuwahi kusema laiti ningekuwa na zile sahani. Nilisema laiti ningekuwa na sufuria kubwa. Laiti ningekuwa na ndoo yenye mfuniko, maana maji yalikuja kwa boza na vumbi lilikuwa halikamatiki. Na chandarua! Usiku ukijikuna mpaka unatoa damu, mimi nakupepea na khanga hadi alfajiri. Televisheni hakuna aliyeitaja, hata baba yako na mpira wake. Alichotafuta ni redio ndogo, asikie taarifa ya hali ya hewa.

Kilichotuinua ni cherehani. Baba yako alirudi Jangwani maji yalipopungua, akaikuta imelala ubavu kwenye tope, meza yake ya mbao imevimba na kubanduka, lakini kichwa cha chuma kizima. Tuliifungua skrubu moja moja, tukailoweka kwenye beseni la mafuta ya taa, nikasugua tope kwa mswaki mkuukuu kwenye yale meno yanayovuta kitambaa na pale bobini inapokaa. Kisha nikatia mafuta ya cherehani tone moja moja kwenye kila tundu, huku nazungusha gurudumu kwa mkono, mpaka sindano ikapanda na kushuka bila kukwaruza. Januari ile watoto wengi wa mahemani hawakuwa na sare za shule. Nilishona mpaka vidole vikafa ganzi, na hapo ndipo tulipoanza tena kununua unga kwa pesa yetu.

Kitu nilichokililia ni daftari. Lilikuwa na vipimo vya wateja wangu wote, mabega, kifua, kiuno, urefu wa gauni, na kurasa za nyuma nani namdai na nani ananidai. Halikuonekana tena. Nilikaa na daftari jipya nikaandika upya kwa kukumbuka, na wengine nilikumbuka mabega yao vizuri kuliko majina.

Kwa hiyo, mama, anza na godoro zuri, jiko dogo la gesi na ndoo mbili zenye mifuniko. Wewe kazi yako ni kompyuta: meza imara na kiti kisichokuumiza mgongo ndiyo cherehani yako, hapo usibane pesa. Friji silipingi, Dodoma kuna joto na ukipika mara moja ukahifadhi unaokoa gesi, ila linunue taslimu. Makochi yatakuja kwa mshahara. Marejesho ya kila wiki yatakunyima usingizi kwenye godoro hilohilo jipya, na atakayekuja kukutembelea kwa upendo atakaa mkekani na kushiba.

Jumamosi nakutumia mzigo kwa basi la asubuhi kutoka Mbezi. Kuna sufuria mbili na mifuniko yake, mwiko, sinia, na chandarua nilichokiongeza kitambaa pembeni kitoshe kitanda cha futi tano. Ndani ya sufuria kubwa nimeweka bahasha ya vyeti vyako halisi. Ukiupokea pale stendi ya Nanenane, fungua hapohapo uhakikishe bahasha ipo, kisha unipigie.

Mama yako