Mama mapacha, ile picha nimejipiga mwenyewe

Ujiji, Kigoma
Jumapili usiku

Mama mapacha shoga angu,

Habari za huko Dar, za shemeji, za wale wanangu wawili, na mama mpe shikamoo yangu mwambie sijamsahau. Sisi huku wazima, mvua zimeanza, kazi za kushona zipo, namshukuru Mungu. Umeniuliza ile picha niliyoweka stetasi jana nimepigwa studio gani na kwa shilingi ngapi. Nimejipiga mwenyewe mwaya, humu humu ndani pembeni ya cherehani, na nimeona nikuandikie kirefu kabisa maana voisi noti ningesahau nusu, afu na wewe ile uliyonitumia juzi umekaa na dirisha nyuma yako, uso wote giza, hata hereni nlizokuletea sijaziona.

Sababu yenyewe ni bibi. Unakumbuka ile fremu kubwa ya sebuleni kwake Kasulu, wajukuu wote wamepangwa mle, mimi nipo na picha ya darasa la saba mpaka leo. Sasa mwezi wa sita nikampelekea picha mpya ya studio, nimevaa kitenge changu kile cha zambarau, nikajua atafurahi. Bibi tangu atolewe mtoto wa jicho anaona vizuri sana, akaichukua akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga, akaiangalia akaigeuza nyuma akairudisha mbele, akaniuliza "huyu ni nani?" Mama, nilinyong'onyea. Nikaichukua nikaiangalia tena kwa macho yake, nikaona kweli, yule sio mimi. Kijana wa studio alikuwa ameusafisha uso kwenye kompyuta mpaka rangi imepanda, ngozi imekuwa laini kama plastiki, na lile kovu langu la kwenye nyusi ya kushoto kalifuta lote. Na lile kovu bibi ndo alinishika kichwa mapajani kwake nikishonwa, nyuzi nne, hakuniachia mpaka zilipoisha. Nikamwambia bibi nitakuletea nyingine.

Basi nikaanza kujipiga nyumbani. Jumapili tatu zimeisha kwenye hiyo kazi.

Picha ya kwanza kabisa nlijipiga usiku, nimekaa chini ya taa ya dari, mkono nimenyoosha, selfi kama tunavyopiga wote. Macho yakawa mashimo mawili meusi maana mwanga unatoka juu, paji la uso linang'aa, na pua imekuwa kubwa kuliko yangu. Hiyo ya pua nliihangaikia nikidhani ni simu mbovu, kumbe ni umbali tu. Simu ikiwa sentimita thelathini kutoka usoni, pua iko karibu sana na lenzi kuliko masikio, kwahiyo inachukua nafasi kubwa na masikio yanarudi nyuma. Kuna madaktari Marekani walilipigia hesabu hilo mwaka 2018 maana watu walikuwa wanaenda kutaka kupasuliwa pua kwa sababu ya selfi, wakakuta kwa umbali huo pua inaonekana pana zaidi kwa karibu asilimia 30, ila ukisogea kama mita moja na nusu hilo tatizo linaisha. Yani watu wanataka kukatwa pua zao zisizo na kasoro kwa kosa la urefu wa mkono! Hilo liliniuma kweli.

Kwahiyo simu nikaiweka juu ya cherehani, nikaiegemeza kwenye kibweta cha nyuzi, nikapandisha na vitambaa mpaka lenzi ikalingana na macho yangu, sio chini maana ikiwa chini inapiga matundu ya pua na kidevu. Nikaweka taima sekunde kumi, nikaenda kusimama hatua mbili kubwa. Uso unatoka mdogo kwenye picha lakini unakata baadae, hamna shida.

Na tumia kamera ya nyuma, hii usinibishie. Ya nyuma ndo nzuri siku zote kwenye simu zetu hizi, afu ya mbele ya kwangu inageuza kama kioo. Mimi fundi niliona kwenye vifungo. Ile blauzi ya maua nimeishona mwenyewe, vifungo viko kushoto kama blauzi yoyote ya kike, kwenye selfi vimehamia kulia kama shati la kiume. Nikaangalia juu, na kovu nalo limehamia nyusi ya kulia! Sisi tumezoea uso wetu wa kwenye kioo, ndo maana ile isiyogeuzwa mwanzoni unaiona kama uso umepinda, unaichukia. Lakini bibi hajawahi kuniona kwenye kioo. Mama yako hajawahi kukuona kwenye kioo, ao mapacha. Sura wanayoijua wao ni ile usiyoizoea wewe, kwahiyo vumilia usiifute haraka haraka, ikae siku mbili afu uiangalie tena.

Sasa mwanga, hapa ndo nlikaa sana.

Dirisha langu la cherehani linaangalia ziwa, yani magharibi. Jumapili ya kwanza nlijipiga saa kumi jioni jua linaingia moja kwa moja, nusu ya uso imeungua nusu nyeusi tii, na nimekunja macho. Unajua huku kwetu jua linachelewa, nyie Dar mshawasha taa sisi bado tunaanua nguo, na hata jua la utosini huku ni kwenye saa saba sio saa sita. Jumapili ya pili nikaamka, saa mbili na nusu asubuhi jua lipo upande wa pili wa nyumba, dirisha langu halina jua hata chembe, mbingu tu. Nikaona hapatakuwa na mwanga wa kutosha. Kumbe ule ndo wenyewe! Mwanga wa mbingu unaingia mpana, mlaini, unaizunguka sura taratibu, hamna kivuli kikali. Nikasimama kama mita moja kutoka dirishani, sikulipa mgongo na sikulitazama, nimeliweka ubavuni kushoto, uso nimeugeuza kidogo kulielekea. Ukikaa mbali zaidi mwanga unapungua upesi sana, ukiuongeza umbali mara mbili unabaki na kama robo tu, na simu ikikosa mwanga picha inakuwa na chengachenga na inatoka imetikisika.

Halafu nikaona shavu la kulia lina ukijani. Nikafikiri ni ugonjwa jamani. Nikafuta lenzi na kipande cha bitana (na yenyewe ilikuwa na mafuta ya vidole, usisahau kufuta, ukungu wote ulikuwa pale), shavu bado kijani. Nlivyogeuka ndo nikaelewa, ukuta ule mwingine nusu ya chini tumepaka rangi ya mafuta ya kijani, mwanga unaugonga unarudi shavuni na rangi yake. Nikachukua bitana nyeupe mita mbili nikaitandaza kwenye kamba kuuficha ule ukuta, na hapo hapo mambo mawili yakanyooka, kijani kimeondoka na upande wa giza umepata mwanga kidogo, sasa unaona sikio, unaona mfupa wa shavu. Nikaisogeza bitana karibu, kivuli kikapungua, nikaisogeza mbali kikarudi. Nlicheza nayo hivo karibu nusu saa, nasogeza napiga naangalia, nasogeza tena. Nimeshika vitambaa miaka kumi na tano na sijawahi kujua kitambaa cheupe ni taa.

Nyuma yangu nliweka kitenge cha bluu iliyoiva, mbali nami kidogo ili kivuli changu kisikigonge. Kulikuwa na mpiga picha wa Bamako, Mali, anaitwa Seydou Keïta, studio yake ilikuwa uani kwake na shuka la kitanda chake ndo lilikuwa pazia la nyuma la kwanza, na picha zile leo ziko makumbusho ya dunia nzima. Kwahiyo usiniambie huna bakigraundi.

Kingine ni simu yenyewe, inadanganywa na rangi. Inataka kila picha iwe ya wastani, sio nyeupe sio nyeusi. Ukisimama mbele ya ukuta mweupe inaona weupe umezidi, inapunguza, wewe unazama gizani. Ukiweka nyuma kitambaa cheusi inapandisha, na ngozi yako inapauka kama umepakwa majivu. Sisi weusi ndo tunaumia pande zote mbili. Gusa uso wako kwenye kioo cha simu, shikilia kidole mpaka ijifunge, yani isibadilishe mwanga yenyewe, afu kile kialama cha kijua kinachotokea pembeni kiteremshe kidogo tu mpaka rangi ifanane na mkono wako ukiuweka pembeni ya simu. Kwakuwa mimi nilikuwa peke yangu nliweka kiti na juu yake mto wenye foronya ya kahawia pale nitakaposimama, nikaugusa ule, nikafunga, nikabonyeza taima nikatoa mto nikaingia mimi.

Na ile sehemu ya urembo kwenye kamera izime kabisa. Kwangu ilikuwa inafanya kazi siku zote na sikuwahi kuiwasha! Fulashi nayo usiitumie, inapiga usoni moja kwa moja inafuta mabonde yote, uso unabaki bapa kama chapati. Mwanga wa ubavuni ndo unaonyesha. Lile kovu ukilimulika mbele halionekani, ukilimulika kwa pembeni linapata kivuli chembamba chini yake, uzi mmoja tu, na unaliona. Poda pia nliacha, nikapaka mafuta kidogo nikapangusa paji la uso kwa kanga, maana kwenye ngozi yetu ule mng'ao wa shavuni na kwenye pua ndo unaochora sura.

Kilichobaki kikawa mimi mwenyewe. Sekunde kumi ni ndefu ajabu, unasimama unasubiri, ikifika kumi uso umekauka kama wa kitambulisho. Nlipiga arobaini na kitu zote ni za mtu anayesubiri. Ndo nikamkumbuka mpiga picha Samuel Fosso, nlikuwa nimesoma habari zake, kijana alilelewa Nigeria akaishia Bangui, Afrika ya Kati, mwaka 1975 ana miaka 13 tu akafungua studio yake. Filamu ikibaki na picha chache mwisho wa siku, badala ya kuzipoteza anajipiga mwenyewe, na nyingine anamtumia bibi yake Nigeria aone kwamba yupo na ni mzima. Shoga, nlisoma hapo mara mbili. Nikajiambia basi na mimi sijipigi kwa ajili ya simu wala fremu, najipiga kwa ajili ya bibi. Nikabonyeza taima nikasimama nikahesabu, ilipofika nane nikasema kwa sauti "shikamoo bibi!" kama vile naingia uani kwake na mizigo, kichwa kikainama chenyewe kidogo, mdomo ukafunguka, na ikajipiga hapo. Ndo hiyo uliyoiona. Sijaiediti zaidi ya kuikata pembeni.

Kwako sasa. Hilo dirisha lenu la sebuleni nalijua, limebanwa na ukuta wa jirani, achana nalo. Fungua mlango mkubwa wa mbele saa ambayo jua haliingii, simama ndani, hatua moja nyuma ya kizingiti, mlango uwe ubavuni kwako, uso uugeuze kidogo kuelekea nje, simu iweke juu ya lile kabati la vyombo. Ile baraza yenu ya saruji nyeupe itakurudishia mwanga mpaka chini ya kidevu, utashangaa. Mapacha watataka kuingia, waache waingie ila hiyo iwe picha nyingine. Na ukinitumia usitume kama picha, WhatsApp inaibana inaharibu ngozi yote, tuma kama dokumenti.

Yangu naiprinti Jumatano nikienda kule Mwanga mjini kuchukua zipu na nyuzi, inchi tano kwa saba, isiyong'aa, maana ile fremu ya bibi ina kioo na mchana kinapiga mwanga. Ntasimama pale pale dukani nione, ntamwambia kijana asiongeze mwanga wala asisafishe chochote, kwanza aniprintie moja niifananishe na mkono wangu maana kwenye karatasi huwa inaiva kuliko kwenye simu. Afu Alhamisi nampa dereva wa basi la asubuhi la Kasulu, na binamu ataipokea stendi. Nimemwambia asimwambie bibi ni ya nani, ampe tu.

Wako,
jirani yako wa dirisha la cherehani