Kuhusu Kerubo kuja kuchuma chai

Kwako Moraa,

Pokea salamu zangu, wewe na mama na watoto. Huku Kericho tu wazima. Mvua imerudi na majani yamejaa.

Umeniuliza kama Kerubo aje atafute kazi huku, na kama mimi mwenyewe nimeridhika. Kazi yenyewe naipenda, Moraa. Nikishajifunga plastiki kiunoni na kikapu kikawa mgongoni, vidole vinajua vinachotafuta: majani mawili na chipukizi. Tunachuma tukipiga gumzo mstari kwa mstari. Nyumba tumepewa na shule ya watoto iko karibu.

Kinachotuchosha ni mizani. Mchumaji hulipwa kwa kilo, kwa hiyo jasho la kutwa nzima linaamuliwa na karani kwa dakika moja. Majani yakiwa na maji ya mvua, anakata kilo, na amekata ngapi anajua yeye. Tuliwahi kupata karani aliyekuonyesha uzito wako na kuutaja kwa sauti kabla hajaandika. Malipo hayakuongezeka hata shilingi, lakini kundi letu hakuna aliyetaka kuhama. Alipohamishwa yeye, manung'uniko yakaanza wiki hiyo hiyo. Wakubwa wakitaka kujua kwa nini watu wanaacha kazi, waje wasimame kwenye mizani jioni.

La pili nakwambia wewe ili umweleze Kerubo vizuri. Mwaka 2023 BBC ilipoonyesha wanawake wa mashamba ya chai wakisimulia jinsi wasimamizi walivyowadai mapenzi ndipo wapewe kazi, watu wa nje walishtuka. Sisi tulikuwa tunayajua. Msimamizi ndiye anayekupangia sehemu. Ukimkataa, anaweza kukupeleka kwenye majani machache, na hapo kilo zitoke wapi? Siku hizi wanawake wanasema wazi zaidi, na hilo linanipa moyo, ila msichana mgeni asiye na mtu wa kumtetea bado yuko hatarini.

Halafu kuna mashine za kuchuma chai. Unakumbuka Mei ya mwaka huo vijana walivyozichoma hapa kwetu. Wanaume wachache wanaishika moja na kumaliza sehemu ambayo zamani ingelisha akina mama wengi. Haichagui, inakata jani changa na gumu pamoja, lakini gharama yake ni ndogo. Wa mikono tunabakiziwa zaidi miteremko. Hapo ndipo ninapokuonea wivu: shamba lako la Nyamira ni dogo, lakini hakuna wa kukuambia kesho usije, na KTDA, shirika lenu la chai ninyi wakulima wadogo, ikilipa bonasi ni yako. Mimi nikilala sijui kama wiki ijayo nitaitwa.

Kwa hiyo Kerubo asije kubahatisha kwa kibarua cha siku. Nitamuuliza mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi kama wanaandika watu kwa mkataba, maana mwenye mkataba ana pa kulalamikia. Wakiandika, afikie kwangu, nami nitaomba awekwe kundi letu. Abebe gambuti na sweta nzito, baridi ya asubuhi huku si mchezo. Nijibu upesi, maana huandika watu majani yakiwa mengi hivi.

Rafiki yako,
Nyaboke